Fungueni Vile Vyombo vya Buluu

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia akalie jikoni, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na kelele. Kitinda mimba wangu, niinue mto. Hapo. Nimelala macho nimeyafumba tangu asubuhi mkadhani nimeshaenda zangu, kumbe masikio yalikuwa kazini: nimesikia magazeti yakikunjwa, nimesikia vyombo vyangu vya buluu na vyeupe vikifungwa kimoja kimoja na kutiwa kwenye maboksi, na nimesikia mwanamume nisiyemjua akikohoa kwa adabu huko sebuleni. Ndiye mnunuzi, au sivyo? Anasubiri nife. Basi na asubiri, kiti kile kina kunguni.

Meneja, mwanangu wa kwanza, usiangalie dari, nakusema wewe. Ati ni vitu vya kale, vinafaa kuwekwa nyuma ya kioo na kuwashiwa taa. Nyuma ya kioo nilishaviona! Nilipoolewa humu, bibi yenu mzaa baba alivifungia kabatini, ufunguo kaufunga kiunoni, akisema vinangoja wageni wa heshima. Mimi akaniita Mikono Mizito, akaninywesha maji kwenye kikombe cha bati mbele za watu. Wageni wenyewe hawakutokea mpaka anaingia kaburini, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata tone humo. Sijamsamehe, na leo sijisikii kuanza. Tuliporudi kutoka kumzika nilifungua lile kabati, nikapika uji, nikaumimina kwenye mabakuli yake, na baba yenu akanitazama weee, kisha akanyoosha mkono akasema, "Na mimi nitilie."

Humo ndimo mlimokulia. Vilivunjika, ndiyo, watoto mlikuwa wakorofi, lakini baba yenu alikuwa fundi wa kuunga vyombo: akatoboa kwa keke, vumbi jekundu likitoka chini ya ule weupe, akashona kwa waya wa shaba hadi bakuli likashika mchuzi bila kuvuja. Na mnakumbuka, mgonjwa ndiye alipewa bakuli lenye mishono mingi, mkawa mnajisingizia homa ili mlipate. Leo mnunuzi anasema mishono inaharibu. Mwambieni mishono hiyo ni kazi ya mume wangu, na mdomo wake auchunge ndani ya nyumba ya marehemu.

Na wewe mwanangu wa pili, ala! Jana kutwa umelowesha sinia kubwa kwenye dawa ya kufulia ili ling'ae machoni pa mgeni! Udongo ule ukipata mwanya unakunywa, na ukishakunywa unabandua rangi yake wenyewe. Mtoto wa fundi, hukumwona baba yako akivipangusa kwa kitambaa chenye unyevu tu? Basi sinia hilo ni lako, na magamba yake, na utapakulia wanao humo.

Jagi ni la kitinda mimba, aliyenipa maji bila kuulizwa. Mabakuli gawaneni. Nyumba iuzeni mkitaka, paa lenyewe limenivujia vya kutosha. Ila vyombo havirudi kabatini, wala havivuki mlango kwenda kwa mtu wa kuvitazama. Atakayeviuza, radhi ya mama akaitafute kwa huyo mnunuzi.

Sasa fungueni maboksi. Si kesho, si baada ya matanga, sasa, nisikie. Chakula cha mchana kipakuliwe humo, chote. Meneja, wewe uliyevifunga ndiye utakayevifungua. Sisikii karatasi. Sijafa bado, nakungoja.

Hiyo... hiyo ni karatasi? Ni wewe, Meneja? Haya, baba. Taratibu, tumia mikono miwili. Mungu awape shibe, awape watoto wakorofi kama nyinyi, awaweke meza moja hata siku mkinuniana. Radhi yangu mnayo, wote... naye pia, mwenye sinia.

Maji kidogo. Basi, yametosha. Na yule mgeni asikae na njaa nyumbani kwangu... mpakulieni, kwenye sahani ya buluu. Akimaliza kula... aioshe.