Fundi wa Spika Aliyetutafutia Kimya

Kaka yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Fundi Zima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshona nguo. Nyumba ile ilikuwa na nyundo, cherehani na watoto tisa. Mama alikuwa akisema huyu ndiye mtoto wake pekee aliyelia akitaka wengine wanyamaze.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi wa redio mwaka 1971. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Mwaka 1974 alifungua karakana nyuma ya soko, chumba kimoja chenye meza ndefu na spika zilizopangwa hadi darini. Redio haijaribiwi kwa kunong'ona, kwa hiyo kutwa nzima mtaa ulimsikia. Lakini kila alasiri alizima swichi kuu, akageuza kiti kikatazama ukuta, akatulia.

"Fundi, umeme umekatika?" wateja waliuliza mlangoni.

"Upo. Nimezima."

"Sasa hapo unafanya kazi gani?"

"Nasikiliza."

Jina la Fundi Zima likaanzia hapo.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na muuguzi, mkewe hadi mwisho. Miezi ya mwanzo bibi harusi alinuna, maana mumewe alikileta kimya kile hadi nyumbani. "Nimekukosea nini, mbona jioni hunisemeshi?"

"Hujanikosea, mke wangu. Namsikiliza Mungu."

"Na anakwambia nini siku zote hizo?"

"Mara nyingi ananituma nikaombe radhi."

Na kweli alikwenda. Jirani waliyenuniana naye kwa ajili ya uzio alishtuka kumwona mlangoni kwake akiwa amevua kofia. Hapa tuambizane ukweli: wengi wetu hatuogopi kimya, tunaogopa kutumwa.

Kuanzia 1982 alisimamia vipaza sauti vya kanisa letu. Jumapili moja ya mwaka 1994, mahubiri yalipokwisha na kwaya ikisimama, alizima mitambo yote ya sauti. Kinanda kikakatika katikati ya noti. Wazee wa kanisa walikimbilia nyaya, na mmoja alipanda juu ya kiti kukagua taa iliyokuwa inawaka vizuri kabisa.

"Fundi, kimeharibika nini?"

"Hakuna. Tangu asubuhi tunamsemesha Mungu sisi tu. Tumpe nafasi na yeye."

Wazee walimnyang'anya ufunguo wa mitambo. Kuzima bila ruhusa lilikuwa kosa, naye alilikiri mbele yao. Sababu ya kuzima haikuwa kosa. Akahamia benchi la nyuma. Hakususa, wala hakutafuta kanisa jingine, kama tufanyavyo siku hizi mtu akiguswa kidogo. Kilichomuuma ni kwamba ibada iliendelea bila hata dakika moja ya kumsikia Yule tuliyemwendea.

Baada ya miezi kadhaa mchungaji alimfuata karakanani ili amwonye asirudie. Alikuta swichi imezimwa na kiti cha pili kiko wazi. Akaketi kusubiri. Walipoinuka, mchungaji alisema, "Nilikuja na maneno mengi, baba. Sasa silioni hata moja la maana." Jumapili iliyofuata ufunguo ulirudi, na kimya baada ya mahubiri kikawa sehemu ya ibada yetu hadi leo.

Alianza kuugua moyo mwaka 2019. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiwatania wauguzi kwamba mashine zao zinapiga kelele kwa sababu hazijawahi kupita mikononi mwake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, mkewe alimuuliza kama aimbiwe wimbo. Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Kaa tu hapa, mama watoto." Alifariki wakiwa wameshikana mikono.

Ameacha mjane, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na mimi mdogo wake ninayesoma haya.

Aliacha ombi moja: wasifu huu ukiisha, mkewe azime mitambo, na kwaya isianze mpaka yeye mwenyewe asimame. Tusiguse simu. Tusikohoe kwa aibu ya kimya. Tusikilize, na atakayetumwa mahali, aende leo.

Bwana uliyemsikiliza akupumzishe kwa amani, kaka.

Shemeji, zima.