Obedi Wangu Hakuwahi Kuusifu Mwezi

Bwana asifiwe, wapendwa! Bwana asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango. Najua mnawaza soko la Mwanga, lakini leo mtanivumilia. Miezi yote hii nimekaa benchi la nyuma kabisa, mtu akinisalimia namjibu nusu, sala ikiisha natoka wa kwanza. Leo Mungu amenifungua kinywa, na sitakaa chini mpaka niseme yote.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Obedi, mzaliwa wa Mwamgongo, nimeolewa hapa Buzebazeba, na kazi yangu ni kuanika dagaa pale ufukoni Kibirizi. Kwa wageni niseme: Obedi ni mwanangu wa pekee. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya yetu, yule mrefu aliyekuwa akifumba macho akiimba, mpaka mwalimu wa kwaya anamkanyaga mguu ili amwangalie. Mkewe alifariki akamwachia mtoto mchanga. Mtoto huyo ni Riziki, huyu hapa mbele, aliyevaa sweta kubwa kwenye joto hili. Kunja mikono ya sweta, mjukuu wangu, watu wakuone.

Basi nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu. Usiku Obedi anaingia ziwani na wenzake kuvua dagaa. Asubuhi ananiletea ndoo yangu, mimi naanika, yeye anakula ugali wake na kulala, na Riziki akitoka shule anamwamsha kwa kumvuta masikio. Maisha yalikuwa matamu, ndugu zangu, nami nilikuwa nanung'unika tu kila siku kwamba mgongo unauma.

Ndipo ukaja ule upepo. Mtumbwi wao ulipinduka. Wenzake waliokolewa wakiwa wameshikilia madumu, lakini Obedi hakuonekana. Wavuvi walimtafuta ufuko kwa ufuko, wakauliza mpaka kwa wale wa ng'ambo, Kongo. Hakupatikana yeye wala shati lake.

Mlikuja, ndugu zangu, na leo nawashukuru kwa kuja kule. Kina mama mlikuja na mikeka na kuni, mkalala kwangu kama ilivyo desturi yetu. Wazee wa kanisa wakanipa pole, wakasema tutapanga siku ya ibada ya kumuaga hata kama mwili haupo. Moyo wangu ulikuwa umeanza kukubali.

Kabla ya siku hiyo kufika, nikiwa pale ufukoni nageuza dagaa, simu ikatoa mlio. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaitazama. Picha ya Obedi! Jina la Obedi! Ile picha aliyopiga amevaa joho la kwaya! Na chini yake maneno haya: "Mama, ni mimi. Niko hai. Niliokolewa na watu wa ng'ambo. Usimwambie mtu yeyote, huku sina karatasi, nikijulikana nitafungwa."

Ndugu zangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ungefanya nini? Nikaandika: kama kweli ni wewe, nisikie sauti yako. Sauti ikaja. "Mama, nimekukumbuka sana. Mbusu Riziki." Besi ile ile! Sauti niliyoisikia tangu ilipokuwa kilio cha mtoto mchanga, nikaisikia ikivunjika alipobalehe! Nililia mpaka jirani yangu wa pale kwenye mchanga, Mama Zuhura, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni vumbi limeingia machoni.

Jioni ile nilikunja mikeka yenu. Mnakumbuka. Nikawaambia sina msiba, nendeni kwenu mkalale. Mkatazamana, mkadhani akili imenihama kwa uchungu. Mama Zuhura hakuwapo mlipoondoka. Alikuja baadaye na sufuria kichwani, ugali wa muhogo na samaki wetu, migebuka, walioungwa kwa mawese. Yeye ni Mwislamu, mtu wa Ujiji, tumeanika dagaa pamoja tangu usichana wetu, na hakuna msiba wangu ambao hakuupikia. Nikamrudishia sufuria yake imejaa vilevile. Kwetu hapa, kumrudishia mtu chakula cha msiba ni tusi kubwa kuliko yale ya mdomoni. Alijitwisha sufuria yake, akaondoka polepole.

Nikabaki na simu. Ujumbe ulikuja asubuhi, ukaja mchana, ukaja jioni. Nikiuliza jambo, kabla sijaiweka simu chini jibu limeshafika, refu, lililopangwa vizuri, lenye pole na asante na "mama yangu mpendwa". Obedi huyu! Obedi ambaye ukimwandikia habari za msiba, harusi au moto, anajibu "poa", tena kesho yake! Na hakuwahi kuniita mama yangu mpendwa. Aliniita "mawe", yaani mama, kama tunavyoitana kwetu Uha, na neno lililofuata siku zote lilikuwa njaa. Niliyaona hayo yote, ndugu zangu. Nikajiambia ugenini humfunza mtu adabu. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Aliyezama ni Obedi, lakini aliyekuwa akitapatapa ni mimi.

Sasa sikilizeni nilikofikishwa. Ujumbe ukaja: "Mama, siwezi kuishi bila mwanangu. Nitumie Riziki. Alhamisi asubuhi mtu wangu atakuja pale Kibirizi, umkabidhi mtoto, atanivushia. Usimwambie mtu."

Nikakubali! Mimi, bibi yake! Nikamwambia mtoto kuwa baba anamwita, na kwamba ni siri. Mngemwona. Alimwaga madaftari yote kitandani, akatia kwenye begi gauni lake la Krismasi, na juu yake akakandamiza sweta la baba yake. Nikamuuliza sweta la nini, ziwani kuna joto. Akaniambia, "Bibi, baba aliondoka bila sweta." Nilitoka nje nikalia. Nilidhani ni furaha.

Jumatano mchana nikaandika, mwanangu, kwa nini usije mwenyewe hata nusu ya njia, nikuone? Jibu likaja hapo hapo: "Siwezi, mama. Leo jua likizama tunaingia ziwani na taa, dagaa ni wengi mno wiki hii, mwenye mtumbwi haniruhusu." Nikaridhika. Jioni nikamchukua Riziki tukaenda ufukoni kukusanya dagaa wangu kabla umande haujashuka.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima ya Kongo. Riziki alikuwa anaruka kamba za mitumbwi, na mimi nafagia dagaa wangu huku nikifikiri nitampikia nini mtoto kwa safari. Kijana mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniita, "Shikamoo bibi! Leo tunalala majumbani, mbalamwezi imeingia!" Nikainua macho. Mitumbwi yote ilikuwa juu, kwenye mchanga. Nyavu zilikuwa zimetandazwa. Taa zilikuwa zimening'inia tu, hazina kazi, na vijana wanacheza drafti. Nikageuka upande wa mlimani. Mwezi ulikuwa unatoka, mzima, mwekundu kidogo, kama sinia.

Wageni, msiojua kazi ya huku, dagaa hufuata taa kwenye giza. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa wanatawanyika, hawana haja na taa ya mtu. Basi mvuvi anapandisha mtumbwi, anashona wavu, anagombana na mkewe, anasubiri giza lirudi. Ni hivyo kwetu, ni hivyo Kongo, ni hivyo Burundi. Mwezi ni mmoja na ziwa ni moja.

Nikakaa pale kwenye mchanga na ufagio wangu. Lakini moyo wa mzazi, ndugu zangu! Bado nilitaka kumpa nafasi. Nikaandika: mwanangu, mwezi huko ukoje? Niliomba Mungu ajibu, "Mwezi umetuharibia, mawe." Angejibu hivyo, kesho yake ningemkabidhi Riziki kwa mikono yangu hii.

Jibu likafika kabla sijavuta pumzi. "Mwezi ni mzuri sana leo, mama yangu mpendwa. Ukianza kung'aa juu ya maji na sisi tunavua, nitautazama na kukukumbuka."

Ndugu zangu! Mvuvi wa dagaa hausifu mwezi! Obedi wangu tangu aanze kazi hakuwahi kuusifu mwezi hata siku moja! Mwezi ukitoka aliununia kama mkwe aliyekuja bila taarifa, akawa anazungukazunguka uani na kumkemea hata kuku. Huyu aliyeusifu hakuwa mwanangu. Hakuwa mvuvi. Hakuwa mtu wa ziwa hili!

Nilimvuta Riziki nikamkumbatia mpaka akalia kuwa namuumiza. Nikapiga kelele, "Obedi amekufa! Mwanangu amekufa!" Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu siku ya upepo. Na unajua nani alikuja mbio, akiacha dagaa wake kwenye mchanga? Mama Zuhura. Yule niliyemrudishia sufuria. Nikampa simu akasoma yote mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alikaa chini, akakiweka kichwa changu mapajani mwake, akaniambia, "Lia, dada yangu. Lia sasa." Nikalia mpaka kitenge chake kikalowa.

Kisha akaninyanyua, tukaenda kwa mchungaji, na mchungaji akatupeleka polisi. Alhamisi asubuhi nilisimama pale Kibirizi bila Riziki, nimezungukwa na waanika dagaa wote na fagio zao. Mtu akaja. Kijana msafi, mpole, ana juisi na biskuti kwenye mfuko. Alimletea mtoto biskuti, ndugu zangu! Polisi waliokuwa wamekaa kama abiria wakamchukua. Wameniambia anasema na yeye aliagizwa kwa ujumbe tu, na mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Hayo nawaachia wao wafuatilie.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenieleza. Nyimbo zetu zimewekwa mtandaoni, na Obedi ana mahali anaimba peke yake. Na tangazo letu la kumtafuta, lenye picha yake, jina la Riziki na namba yangu, lilikuwa huko huko. Watu wabaya huchukua sauti kama ile wakailisha mashine, na mashine ikasema maneno ambayo mwenye sauti hakuyasema. Mashine hiyo hiyo huandika majibu, haichoki, hailali. Wanaiita akili mnemba. Sawa, mimi sikusoma. Ila naona imejifunza maneno matamu yote ya duniani, na haikujifunza kununa.

Sisemi simu ni shetani. Simu hii ndiyo inayoniita wateja wa dagaa wakifika, na nikitoka hapa nitaiwasha. Nasema hivi: anayekupenda hatakutenga na watu. Ujumbe ukija, hata una sauti ya mama yako, ukakuambia "usimwambie mtu", basi siku hiyo hiyo mwambie mtu! Mwambie jirani! Mimi Mungu hakuniandikia ujumbe. Alinipandishia mwezi wake juu ya mlima, na akaniletea jirani.

Nisiwafiche, baada ya hapo nilimpoteza Obedi mara ya pili. Na kuna siku nimetamani sauti ile inidanganye kidogo tena, japo niisikie inaniita tu. Riziki aliniuliza, "Sasa bibi, nani atampelekea baba sweta?" Nilimvalisha lile sweta, tukakaa wawili kitandani, tukalia mpaka tukasinzia. Tangu siku hiyo analivaa, na mimi simkatazi.

Wengine husimama hapa kushuhudia kwamba Mungu amewafuta machozi. Mimi nashuhudia kwamba Mungu amenirudishia ya kwangu! Yalikuwa yameibwa, ndugu zangu. Nilikuwa nimenyimwa hata kumlilia mwanangu. Asante, Yesu! Asante kwa Riziki, aliyekaa hapa mbele yenu badala ya kuwa nisikokujua. Na wewe uliye na jambo lako umelificha kwenye simu, mtumaini Mungu, kisha inuka ukamwambie mwenzako. Hatakucheka. Na akikucheka, njoo kwangu.

Neno la mwisho ni ombi. Niliwafukuza na mikeka yenu. Leo jioni natandika wa kwangu. Wazee wametupa nafasi ya ibada ya kumuaga Obedi, hapo hapo nyumbani, na mwalimu wa kwaya ameahidi kuacha pengo kwenye besi ili tumsikie asiyekuwapo. Mama Zuhura anakuja na sufuria yake ile ile, na safari hii, nawaahidi mbele ya Bwana, haitarudi imejaa. Njooni, ndugu zangu. Njooni tumlilie mtoto wetu.

Riziki, njoo mama, mshike bibi mkono. Twende tukafagie uwanja, wageni wa baba yako wanakuja.