Bi. Loretta Hudak, Aliyekataa Kuandika Anwani

Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi. Loretta Hudak anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba yetu ya Hifadhi, hapa mjini Ashtabula, kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuziandikia wakfu, yaani taasisi zinazotoa fedha za misaada, maombi ya ruzuku, ili wanawake waliokimbia waume wanaowapiga wapate kitanda, chakula na mlango wenye kufuli.

Mwanzoni aliajiriwa kupokea simu. Mwandishi wa maombi akaacha kazi ghafla, naye akakalishwa kwenye kiti chake. Tangu siku ile aliamini kwamba ombi likikataliwa, ni yeye aliyewatupa wanawake barabarani. Hatukufanikiwa kumtoa imani hiyo.

Hofu yake aliituliza kwa kupika. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ikikaribia, alileta pierogi, vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini, na mwenyewe hakugusa hata moja. Ukubwa wa ombi tuliujua kwa ukubwa wa sufuria.

Sufuria kubwa kuliko zote ilikuja majira ya baridi tulipokaribia kuifunga nyumba kwa kukosa fedha. Wakfu mmoja ulikuwa tayari kutubeba mwaka mzima, ila fomu yake ilidai anwani ya nyumba, na anwani za waliopewa ruzuku zilichapishwa hadharani. Loretta akaandika sanduku la posta. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Phyllis Rahn, akamsimamia mezani.

"Loretta, jaza hiyo anwani. Tukikosa hii, Machi tunafunga."

"Najua, Phyllis. Silali kwa ajili ya hiyo Machi. Lakini nikiiandika, Corinne hafiki Machi."

Corinne alikuwa mama wa watoto wawili, amejificha kwetu. Mumewe alikuwa akimuulizia madukani, kwa dobi, hata kanisani anakosali mama yake Corinne. Baadaye akaanza kuegesha pikapu yake ya kijani karibu na ofisi yetu, iliyo mbali na nyumba, akiangalia nani anatoka na anaelekea wapi.

Kwa kukosa anwani, wakfu ukamtuma mkaguzi, Bw. Whitcomb, aione nyumba kwa macho yake. Loretta alimpokea kwenye maegesho ya duka, akampakia kwenye gari lake. Njiani akaiona kwenye kioo pikapu ile ya kijani. Alipokata kushoto, nayo ikakata. Aliposhika njia ya ziwani, ikawa nyuma yake. Aliipita barabara ya nyumba yetu bila kugeuza hata shingo, akaingia moja kwa moja uani kwa kikosi cha zimamoto.

Pikapu ikapunguza mwendo langoni. Dereva akawatazama, kisha akaondoka taratibu.

"Nani yule?" Bw. Whitcomb aliuliza, uso umempauka.

"Ndiye anayeitaka anwani," Loretta akasema. "Sasa niambie niiandike wapi."

Alasiri hiyohiyo wazima moto walimtoa Corinne na wanawe mjini kwa gari lao. Alikokwenda hatukukujua, na hatukutaka kujua.

Bw. Whitcomb alirudi kwao bila kuiona nyumba. Tukakaa tukisubiri; Phyllis akaanza kuzipigia hifadhi nyingine kuwaombea wanawake wetu nafasi, na kila simu ilipolia Loretta alitoka nje asisikie. Hatimaye ruzuku ikaja. Mwaka uliofuata, fomu ya wakfu ule ilizitaka nyumba za hifadhi ziandike sanduku la posta tu.

Mapato yetu mengi tangu hapo yamepitia mikononi mwake, na hofu ile haijamwacha kila anapobonyeza kitufe cha kutuma. Ombi lake la mwisho liliondoka mwezi uliopita. Jibu bado. Vitanda vyote vimejaa, na tunaogopa.

Asante, Loretta, kwa niaba yetu na ya wanawake ambao hatuwezi kuwataja hapa. Uwe na afya, ule pierogi zako mwenyewe, ulale mpaka jua litoke. Hofu tuachie sisi.