Nagapooshani na Beti za Dawa Zilizochomwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nagapooshani Ilayathamby. Amefariki nyumbani kwake hapa Jaffna, mzee kabisa, na bado akibishana na kila mtu.

Baba yake alikuwa tabibu. Dawa zake zote alizitunza kwa beti, zimechongwa kwa kalamu ya chuma kwenye majani makavu ya mti wa mvumo. Majani yalipochakaa alizinakili kwenye mapya, akayapeleka maktaba yatunzwe. Ya zamani alimpa bintiye akayatose baharini mwezi mtakatifu wa Aadi, kama desturi yetu. Nagapooshani akayatosa.

Ikaja 1981. Maktaba yetu ikachomwa. Narudia: ilichomwa. Haikuwa ajali. Waliochoma walijua wanachoma nini. Majani ya tabibu yakateketea humo, na tabibu mwenyewe alikuwa ameshakufa.

Mdogo wake Nagapooshani, Sabanathan, anakumbuka: "Nilimwambia, dada, nakala moja umezamisha wewe, nyingine wamechoma wao. Unatafuta nini tena? Akasema, natafuta midomo. Wewe funga wako."

Akapanda baiskeli, akawaendea waliowahi kumsikia baba yake akizisoma beti zile. Huku akapata ubeti wa homa, kule nusu ubeti wa macho. Vipande tu. Aliyezijua zote alibaki mmoja, Vairavi, mwanafunzi mkongwe wa baba yake, kule Karainagar. Na Vairavi alikataa. Alikuwa amemwapia mwalimu wake kwamba beti zile atampa mwanafunzi, basi.

"Hata binti wa mwalimu?"

"Binti ni binti. Mwanafunzi ni mwanafunzi."

Mzee alikuwa anakohoa vibaya. Angekufa nazo. Nagapooshani akaondoka amenuna. Asubuhi akarudi na sinia ya tambuu, ndizi na nazi, zawadi ya mwanafunzi mpya kwa mwalimu, akaiweka miguuni pa mzee, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mwanamke mwenye wajukuu, wasikilizaji, kama mtoto anayeanza shule.

Vairavi akamtazama, akachukua jani moja la tambuu. "Umechelewa," akasema. "Kaa."

Alimfundisha kwa mdomo. Akikosea, anarudi mwanzo. Beti kadhaa mzee alikuwa ameshazisahau. Hizo zimepotea, hazirudi. Zilizobaki Nagapooshani alizichonga upya kwenye majani ya mvumo, akayapaka masizi herufi zionekane.

Sasa kiapo kikamfunga na yeye. Asimpe mtu, ila mwanafunzi. Akafanyaje? Akamfanya kila mtu mwanafunzi. Wauza samaki, makarani, wake wa jirani, yeyote aliyefika na sinia yake. Sabanathan pia aliinama, na anasema dada yake alimwacha sakafuni makusudi, muda mrefu kuliko wengine. Maktaba ilipojengwa tena wakaomba nakala, akawajibu aje mkutubi mwenyewe, ainame. Mkutubi alikwenda.

Mjukuu wake, Tharani, ametuambia: "Nilimuuliza, bibi, mbona unawapa wengi hivi? Akasema, wakitaka kuchoma tena, safari hii wapite nyumba kwa nyumba."

Kwa Tharani, kwa mzee Sabanathan na ukoo wote, poleni sana. Tumempoteza mtu imara.

Nasi tuliobaki tujiulize. Moshi ule tuliuona sote, na kila mwaka tunakaa kuuzungumzia. Je, tangu siku ile, tumejifunza nini kwa moyo, na tumemfundisha nani? Yeye alilia kama sisi. Kisha akapanda baiskeli.