Mzee Rudia na Tyubu Tupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Rudia, mpimaji wetu mkuu wa mafuta ya damu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo la utani alijipatia mwenyewe. Ukimpelekea jibu, hata hajalitazama, atakwambia, "Rudia."

Kazi yake imekuwa kuwatafuta watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ushindwe kuvunja mafuta, yakarundikana kwenye ini na wengu mpaka tumbo likavimba. Huyatoa mafuta kwenye damu, huyadondosha kwenye kibao cha kioo, kisha hulinganisha doa la mtoto na doa la mtu asiye mgonjwa. Doa likizidi, kuna nyumba italia. Ndiyo maana haamini mtu. Haamini mizani, haamini mashine, na tuseme ukweli, haamini hata sukari ya chai yake: huonja kabla ya kukoroga, akaonja tena baada ya kukoroga.

Mimi ni mwoshaji wa vyombo vya maabara. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, nilimkuta ananusa tyubu zangu za kupimia damu. Kila asubuhi anainua moja dirishani, anaigeuza, kisha ananitazama mimi. Nikajua huyu ananitafutia sababu. Na mimi nikaanza kumchunguza: nahesabu tyubu nikiondoka, nahesabu nikirudi. Siku moja ikapungua moja. Nikasema moyoni, haya, paka na panya tumeanza.

Wiki hiyo ililetwa damu ya mtoto wa miezi minne. Doa likatoka nene. Daktari alikuwa anasubiri karatasi tu amwambie mama yake. Wote tuliamini, isipokuwa Mzee. Kumbe ile tyubu alikuwa ameichukua yeye, akaipima tupu, bila tone la damu. Nayo ikatoa doa.

Akaja mpaka kwenye beseni langu. "Mama Kichanga, hebu mikono." Nikampa, nimenuna. Akainusa. "Nazi hii. Mwanao unampaka nini?"

Kila asubuhi nilikuwa namkanda mwanangu kwa mafuta ya nazi, nakimbilia kazini, napanga tyubu kavu bila glavu. Mama mwenzangu alikuwa karibu kuambiwa mwanawe ni mgonjwa, kumbe ni vidole vyangu.

Mtoto alipimwa upya kwa vyombo safi, doa lake likawa kama la mtu yeyote. Kwenye daftari la makosa Mzee aliandika, "Tyubu hazikuhakikiwa," akatia sahihi yake, maana kuhakiki ilikuwa kazi yake. Kwangu aliacha boksi la glavu na agizo moja: mwanangu aendelee kukandwa. Tangu hapo, kila asubuhi hupimwa kwanza tyubu tupu, ndipo ifuate damu ya mtoto wa mtu.

Juzi alikuwa anamkabidhi mrithi wake funguo, nikamsikia: "Usimwamini mtu. Huyu mama mwenyewe, mpime kila siku." Sikununa. Ningesema vivyo hivyo.

Mzee, asante kwa watoto wote uliowagundua, na kwa yule mmoja tuliyekaribia kumpa ugonjwa usio wake. Ukapumzike salama, unywe chai bila kuipeleleza. Ila Jumatatu saa mbili asubuhi simu ya maabara ikilia, tutajua ni wewe. Tyubu ni safi, Mzee. Nimerudia.