Wimbo Ndani ya Mitihani ya Darasa la Nane

Kosa litangulie kusemwa, maana Mungu analijua tangu siku lilipotendeka. Miaka miwili nyuma, Zarmast, fundi wa kompyuta katika soko la viungo mjini Peshawar, aliletewa laptopu ya Mwalimu Sher Wali abadilishe kibodi. Kibodi akaibadilisha. Kisha akapekua. Ndani ya folda ya mitihani ya darasa la nane alikuta sauti ya mke wa Mwalimu, akimwimbia mjukuu aliyeko Sharjah wimbo wa kumlaza. Sauti ya mke wa mtu, ambayo hata jirani wa ukuta kwa ukuta hajapata kuisikia! Zarmast aliteremsha mlango wa duka nusu, akaisikiliza mara tatu. Hakumwambia mtu.

Sasa yule mama amefariki, arobaini yake imeshapita, na laptopu imeingia maji ya mvua. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Juu ya kitanda cha kamba mbele ya duka walikaa wale wale wa kila siku: Haji Mizani, muuza viungo asiyeamini kitu mpaka akipime, na Rubani, dereva wa bajaji ambaye ndege anaiona angani tu. Kati yao birika la chai ya kijani yenye iliki. Zarmast alikuwa kwenye kigoda chake, bisibisi mkononi.

— Imekufa kabisa? aliuliza Rubani.

— Imekufa. Ila diski yake nzima. Naitoa humu, naitia kwenye hii nyingine.

— Kwa hiyo marehemu anahama nyumba.

— Chunga mdomo wako! Mwalimu mwenyewe yuko njiani anakuja.

Diski ikatoka, bapa, haijai hata kiganja. Haji Mizani akanyoosha mkono.

— Lete.

Aliiweka kwenye mizani yake ya iliki, taratibu kama anayelaza yai.

— Gramu mia na kumi. Na ikiwa tupu?

— Hizo hizo, Haji.

— Usinitanie. Gunia la bizari likijaa, linalemea. Humu mna miaka kumi ya nyumba ya mtu, isizidi hata punje?

— Hata punje.

— Subhanallah.

Rubani alisogea, akaitazama bila kuigusa.

— Basi ndivyo malaika wanavyofanya. Mimi nilikuwa najiuliza, madaftari yetu wanayabebaje? Hasa la Haji.

— Langu jepesi. Lako ndilo la kupakia kwenye lori.

— Sikieni, mimi naona hata ukuta huu unaandika. Kila tulichowasema watu hapa kimo ndani ya matofali. Siku moja atakuja fundi na bisibisi...

— Tumekwisha, alisema Haji, akautupia ukuta jicho.

Wakacheka. Zarmast hakucheka.

Mwalimu Sher Wali alifika, fimbo mkononi, wakampisha akakaa. Zarmast alikaza skrubu nne, akasema bismillahi, akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Kikombe cha Rubani kikasimama njiani kwenda mdomoni. Yakaja maandishi kwamba mashine inajiandaa, na kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Mara ikatokea picha ya mkomamanga uliochanua.

— Huo ni ua wa nyumba yangu, alisema Mwalimu.

Rubani alisimama, kama watu wanavyosimama jeneza likipita.

— Mwili mwingine, Haji akanong'ona, na nyumba ni ile ile. Ewe Mola!

Mwalimu akamwinamia fundi.

— Mwanangu, marehemu alirekodi wimbo wa mtoto. Nimeutafuta tangu mashine haijafa, sikuuona. Mtoto kila nikimpigia ananiuliza bibi ataimba lini. Kama umo, nipatie. Kama haumo, niambie tu, nirudi nyumbani.

Neno moja, "haumo", lingetosha. Nani angejua? Zarmast alifungua folda ya mitihani, darasa la nane, akashuka mpaka kwenye faili isiyo na jina. Akachomeka hedifoni, akamvalisha mzee.

— Geukeni, aliwaambia wenzake.

Wote watatu wakageukia magunia ya viungo. Haji aliziba na masikio, ijapokuwa hakuna kilichosikika. Zarmast hakuvumilia, akatupa jicho. Goti la Mwalimu lilikuwa linapanda na kushuka, polepole, kama goti lililolaliwa na mtoto.

Baadaye hedifoni ikavuliwa.

— Humu mna mafaili elfu tisa, alisema Mwalimu. Nimeshindwa mimi niliyeishi naye miaka arobaini. Wewe umekwenda moja kwa moja. Umejuaje?

Rubani akaruka:

— Mwalimu, huyu mashine zinamsemesha! Diski yenyewe imechoka kunyamaza, ikamshika mkono.

— Si diski, alisema Haji. Ni karama. Mungu humfunulia amtakaye. Nimeona kwa macho yangu leo, kitu kisicho na uzito kimemfufua mtu!

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, macho yamelowa. Akaushika mkono wa Zarmast, akauinua aubusu.

Hapo Zarmast akauchomoa.

— Si karama, Mwalimu. Niliusikiliza siku ile ya kibodi. Mara tatu. Ya kwanza kwa upekuzi, mbili za mwisho kwa sababu ulikuwa mzuri.

Haji Mizani aliinua birika amimine, aone pa kuweka macho. Birika lilikuwa tupu.

Zarmast alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti vumbini mbele ya mzee.

— Sikuwa na ruhusa yako, wala yake. Yeye siwezi tena kumwomba. Nakuomba wewe, Mwalimu: nisamehe.