Nilifukua Yaliyoota

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Na asifiwe hasa na sisi tulionyamaza muda mrefu.

Naitwa Yunisi, mzaliwa wa hapa Mungaa. Wengi wenu mnajua nilikuwa Dodoma, kazi ya kompyuta. Ila mlidhani natengeneza simu, nami sikuwasahihisha. Ndugu zangu, mimi naandika programu. Ile mifumo ambayo mtoto wako akifanya mtihani, alama zake zinaingizwa humo, hiyo ndiyo kazi yangu. Programu huandikwa kwa lugha, na lugha hizo nazo huzeeka. Ya kwangu ilizeeka nikiwa ndani yake. Ofisi ikafunga kitengo chetu, nikaanza kuomba kazi kwingine. Kwenye usaili vijana wadogo wananiuliza, "Dada, hiki umeshakitumia?" Hapana. "Na hiki?" Hapana. Kisha wanatazamana.

Nikarudi nyumbani kwa mama mdogo, Mama Debora.

Ndugu zangu, upweke usikieni tu! Nilikuwa nasalimia, nakula, nachota maji, lakini katika kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kumwambia kilichoniuma. Ningeanzia wapi? Hata kundi la simu la wenzangu wa zamani nilijitoa kimyakimya. Mtandao unashika vizuri nyuma ya josho, basi nilikuwa nashinda pale na kompyuta yangu, ng'ombe wakipita kuogeshwa. Wachungaji wao wakasema, "Yule dada anaombea mashine." Mnacheka! Mimi kule nyuma ya josho nilikuwa nalia.

Nilijifunza kila kitu. Nikisikia programu za simu ndizo zinazotakiwa, naanza programu za simu. Wiki mbili, nasikia usalama wa mitandao, nahamia huko. Halafu takwimu. Halafu akili bandia. Sikumaliza hata kimoja. Na baya zaidi, kwenye wasifu wangu nilifuta miaka yote ya ile lugha ya zamani. Niliona aibu. Nikabaki na karatasi ya mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Nikamwambia Mungu, mvua hizi zikiisha bila jibu naiuza kompyuta, na habari hiyo isitajwe tena.

Januari ile alizeti ikaota kwa kuachaachana. Mama mdogo akanipa kopo la mbegu. "Yunisi, nenda karudishie." Wasiolima wanisamehe nieleze: kurudishia ni kupita kwenye mistari, unaangalia shimo ambalo mbegu haikuota, unatia nyingine. Pale pengo lilipo tu. Mimi nilichukua jembe, mawazo yakiwa nyuma ya josho, nikachimba shimo baada ya shimo. Nilikuwa mstari wa tatu niliposikia kelele.

"We Yunisi! Nimekwambia urudishie, wewe unalima upya?"

Nikageuka. Miche mizima imelala nyuma yangu, mizizi juu.

"Huko Dodoma mlikuwa mnalima nini, lami?"

"Nisamehe, mama mdogo."

"Kwani hukuyaona yaliyoota?"

"Niliyaona."

"Sasa yamekukosea nini?"

Wapendwa, niliketi chini palepale kwenye udongo. Mama mdogo alidhani nimeugua. Lile swali halikuwa lake tena, ni Bwana aliyekuwa ananiuliza! Yamekukosea nini, Yunisi? Miaka ile yote niliyokupa, imekukosea nini?

Jumatatu nilichukua daftari nikaandika yaliyoota. Naweza kusoma programu iliyoandikwa na mtu aliyekwishaondoka, nikaelewa alikusudia nini. Naweza kukaa na karani asiyependa kompyuta mpaka nijue anataka nini. Kisha nikasoma matangazo ya kazi, safari hii bila hofu, nikitafuta mapengo yaliyo ndani ya mistari yangu mwenyewe. Niliyapata mawili tu: kuandika majaribio ya kukagua programu kabla watu hawajaitumia, na kuhamisha mfumo wa zamani kwenda kwenye mpya bila kusimamisha kazi. Mengine yote niliyaacha. Si mabaya. Ni mashamba ya watu.

Sikutafuta vyeti. Nilichukua mfumo mdogo niliouandika zamani, nikauhamisha wote, kwa mkono wangu, mpaka mwisho. Ilichukua miezi. Mvua ziliisha, alizeti ikavunwa, kompyuta sikuiuza. Na wasifu nikaurudishia miaka yake, nikautuma tena.

Usaili ulipokuja, mzee mmoja upande wa pili wa simu akauliza, "Hii lugha ya zamani, unaijua kweli?" Ulimi ulitaka kukana. Nikasema, "Naijua, shikamoo." Salamu ikaja mwisho kwa woga! Akacheka, akaitika marahaba, akasema, "Tuna mfumo hapa, aliyeuandika hayupo, vijana wetu wote wanaukimbia." Ndugu zangu, Mungu ni mwema! Nimeajiriwa, na kazi naifanyia hapahapa Mungaa.

Sitawadanganya kwamba upweke umeondoka wote. Kuna siku nasuluhisha jambo gumu, nainua uso nimwambie mtu, naona mbuzi. Lakini siku hizo nazungumza na Bwana, naye hajawahi kuniambia hanielewi.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama mdogo, anayenisema mpaka leo. Na wewe uliyekwama, uwe ni mshonaji, mwalimu au dereva, mwamini Yeye aliyeotesha ulivyonavyo. Usivifukue. Tukitoka hapa nitakaa pale nje kwenye ngazi. Njoo na karatasi yako, hata kama umefuta miaka yako. Tutaisoma wawili.